Simu iliyokula maneno: namna ya kuzima upigaji simu kwa waifai

Mama mkubwa alifariki Pangani usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi binamu yangu akampigia mama kumpa habari za maziko. Mama alikuwa jikoni uani, nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga, simu kaibana kati ya sikio na bega, mikono yote miwili ina unga. Akasikia vizuri kabisa, "Tunazika leo baada ya a..." kisha kimya kidogo, kisha "...ri." Akauliza, "Baada ya nini, mwanangu?" Akajibiwa tena, na simu ikala palepale. Akaona vibaya kumsumbua mfiwa mara ya tatu. Kwa kuwa jamaa wengi walikuwa wanatoka mbali, akaamini ni alasiri.

Ilikuwa adhuhuri.

Tulifika Pangani jeneza limeshatoka. Mama alitaka amwoshe dada yake kwa mikono yake, na hakumwona hata uso. Hakumlaumu mtu. Alikaa mkekani na wanawake wenzake mpaka magharibi, na mimi nimekaa ubavuni mwake, fundi simu, ninayefungua simu za watu kila siku pale Ngamiani, Barabara ya 12, jirani na Soko la Mgandini. Simu yake yeye sikuwa nimeigusa kwa miezi minne, tangu mdogo wangu alipotuwekea waifai nyumbani.

Kumbe tatizo lilikuwa swichi moja ndani ya simu. Inazimika kwa muda usiozidi dakika moja ukishajua ilipo. Tangu siku ile nimeikuta ikisumbua simu nyingi, na wenye simu wameshabadilisha laini, wameshanunua betri, wengine wameshanunua simu nyingine kabisa. Nataka usifike huko.

Swichi yenyewe inafanya nini

Kwenye simu yenye lugha ya Kiingereza imeandikwa "Wi-Fi Calling". Ukiwa umeweka Kiswahili, tafuta "Kupiga simu kupitia Wi-Fi".

Ikiwa imezimwa, ukipiga simu ya kawaida sauti yako inatoka kwenye simu inakwenda mnarani, basi. Ikiwa imewashwa na umeunganishwa na waifai, simu inaweza kuuacha mnara. Inaichukua sauti, inaifunga kwenye njia ya siri ndani ya intaneti, inaipeleka mpaka kwenye lango la kampuni ya laini yako, na kutoka hapo inaunganishwa kama simu yoyote. Unayempigia anaiona namba yako ileile. Hata awe na kitochi cha vitufe, ataipokea.

Kwa hiyo hii siyo simu ya WhatsApp. Wateja wengi wanazichanganya, na wengine wameiacha imewashwa miaka wakidhani wanapiga bure. Kwa kawaida dakika za kifurushi chako zinakatwa kama ungepiga kwa mnara, kwa sababu kampuni ya laini ndiyo inayoiunganisha simu hiyo. Waifai ni barabara tu.

Na kitu chenyewe si kibaya. Kiliwekwa kwa ajili ya watu ambao wakiingia ndani ya nyumba mnara unapotea. iPhone za kwanza kuwa nacho zilikuwa 5c na 5s, kupitia iOS 8, toleo la programu ya iPhone la mwaka 2014, na leo utakikuta kwenye simu nyingi za Android, ilimradi kampuni ya laini nayo iwe inatoa huduma hiyo. Ubaya unaanza pale ambapo waifai ni dhaifu kuliko mnara, na simu imeambiwa itangulize waifai.

Hapo ndipo maneno yanapoliwa, na ningependa uelewe kwa nini, maana ukishaelewa hutamwacha mtu akuuzie laini mpya bure.

Simu haipeleki sauti kama maji kwenye bomba. Inaikata vipande vidogo, kila kimoja milisekunde 20, maana yake vipande 50 kwa kila sekunde. Kila kipande kinapita intaneti peke yake na kinatakiwa kifike kwa zamu yake. Kikichelewa, hakina kazi tena, kwa sababu sikio limeshapita. Vikipotea viwili vitatu husikii tofauti, simu inaziba pengo. Vikipotea kumi na tano mfululizo, silabi nzima imekwenda. Neno "adhuhuri" na neno "alasiri" yote yanaanza kwa a na yanaishia kwa ri. Ondoa katikati, mtu amesikia nini?

Watu wakisikia hivi wananiambia, "Lakini fundi, intaneti yangu ni kubwa, watoto wanaangalia video haikwami." Sauti haihitaji intaneti kubwa. Kilobiti 100 kwa sekunde zinatosha na kubaki. Video ikichelewa sekunde tano hujui, kwa sababu ilishajiwekea akiba mbele. Mazungumzo hayana akiba, kila neno linasemwa sasa hivi na linatakiwa sasa hivi. Watoto watatu wakiangalia video ukumbini, na mmoja anapandisha picha zake mtandaoni, vipande vya sauti ya mama vinasimama foleni nyuma yao.

Halafu kuna ile mistari ya waifai juu ya kioo. Usiiamini peke yake. Inakuambia simu inaisikia ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, vizuri kiasi gani, haikuambii ruta inafika vipi kwenye intaneti. Ruta nyingi za majumbani hapa Tanga ni zile zinazotiwa laini ndani. Fikiria basi: simu yako ina mnara mzuri, lakini inapeleka sauti kwenye ruta, na ruta nayo inaipeleka kwenye mnara, pengine ule ule. Ni kama mtu wa Makorora anayekwenda Mgandini kwa kupitia Pongwe.

Kwetu kulikuwa na jambo la ziada, kuta. Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Ruta ipo ukumbi wa mbele. Kati yake na jiko kuna kuta tatu. Mawimbi ya waifai ni ya gigahezi 2.4 au 5, na haya ya 5 ndiyo yanayochoka upesi zaidi ukutani. Minara ina pia mawimbi ya chini ya hapo, mengine megahezi 800 au 900, na hayo hupenya ukuta vizuri zaidi. Tena jiko la uani lina dirisha kubwa linaloangalia nje. Mama akiwa pale alikuwa na mnara umejaa, na waifai mstari mmoja wa kubembeleza, na simu yake ikang'ang'ania ule mstari mmoja.

Pima kwanza

Usizime kwa kusikia kwangu. Pima nyumbani kwako, inachukua dakika kumi na inataka watu wawili.

Mimi napima kwa kuhesabu. Tuliporudi kutoka Pangani, baada ya siku tatu za msiba, nilimwambia mama ashike simu yake asimame karibu na ruta, mimi nikatoka nikakaa barazani na simu yangu, waifai ya kwangu nimeizima. Nikampigia. Nikamwambia ahesabu moja mpaka thelathini kwa sauti yake ya kawaida, polepole, huku anatembea: ukumbini, koridoni, mlango wa uani, jikoni. Nilikuwa na kalamu na karatasi, kila namba niliyoisikia nzima naandika.

Moja mpaka kumi na moja zilikuja zote. Mlango wa uani nikapata "kumi na mbi", halafu hakuna kitu, halafu "kumi na tano". Alipoingia jikoni, kuanzia kumi na sita mpaka ishirini na nne niliandika namba nne tu. Kisha tukabadilishana, mimi nikahesabu, yeye akasikiliza. Usiruke hatua hii, kwa sababu kwenda na kurudi havifanani. Unaweza kumsikia mwenzako vizuri na yeye akasikia vipande, au kinyume chake.

Baada ya hapo nilimzimia waifai kabisa na tukarudia njia ileile. Namba thelathini, zote, mpaka jikoni, hadi nikasikia na kuku wa jirani.

Hilo ndilo jibu unalotafuta. Ikiwa bila waifai sauti inakuja nzima kila mahali unapokaa, zima swichi. Ikiwa bila waifai simu inasema hakuna mtandao, au namba zinapotea zaidi kuliko mwanzo, iache, waifai ndiyo inayokubeba. Nina mteja mwenye stoo ya mabati matupu, juu na pembeni, kule Pongwe. Akiwa ndani, mnara haupo kabisa, akipigiwa watu wanaambiwa hapatikani. Alikuja nimzimie kwa sababu amesikia kwa watu, nikakataa. Nilichomfanyia ni kumhamishia ruta karibu na meza yake, na amepona.

Wakati unapima ukiwa na waifai, angalia kama kweli simu inapita kwa waifai. Juu ya kioo, karibu na alama za mnara, simu nyingi zinaonyesha kijialama cha mkonga wa simu pamoja na mawimbi ya waifai, nyingine zinaandika "VoWiFi". Kwenye iPhone neno "Wi-Fi" linakaa baada ya jina la kampuni ya laini. Usipoona chochote cha namna hiyo, huenda huduma hii haimo kwenye laini yako, na simu yako inakatika kwa sababu nyingine.

Kuizima kwenye Android

Ningeweza kuanza na njia ya kila aina ya simu, lakini watengenezaji wanazihamisha swichi kila toleo jipya. Njia isiyokuangusha ni ya kutafuta. Fungua "Mipangilio" (ile alama ya gurudumu lenye meno). Juu kabisa kuna sehemu ya kuandika yenye alama ya lenzi. Andika wifi calling, na kama simu ni ya Kiswahili andika kupiga simu kupitia. Itakuletea mstari wenyewe, gusa, utaingia moja kwa moja. Kwa Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo nyingi mezani kwangu, siku hizi situmii njia nyingine.

Ukiwa na Samsung na ukapenda kwenda kwa mguu, fungua mipangilio, ingia sehemu ya miunganisho iliyoandikwa "Connections", utaikuta "Wi-Fi Calling" pale pale, karibu na ya waifai yenyewe. Inapatikana pia ukifungua programu ya kupigia simu, ukagusa vitone vitatu vya pembeni, ukaingia mipangilio.

Xiaomi na Redmi wameipa jina jingine, na ndiyo maana watu wanazunguka hawaioni. Ingia sehemu ya laini na mitandao ya simu, "SIM cards & mobile networks", chagua laini, kisha shuka mpaka "Make calls using Wi-Fi".

Kwa Pixel, na simu nyingine zenye Android isiyoongezwa mambo mengi, pita Mipangilio, Mtandao na intaneti, SIM, gusa laini yako, halafu Kupiga simu kupitia Wi-Fi.

Swichi ikiwa na rangi, imewashwa. Iguse, rangi ipotee na kitufe kirudi kushoto. Umemaliza kwa laini hiyo.

Nasema kwa laini hiyo kwa sababu hapa ndipo panapowaangusha wengi. Simu zetu karibu zote zina laini mbili, na kila laini ina swichi yake. Dada mmoja alirudi kwangu mara mbili akilalamika kwamba nimemdanganya, mpaka nilipoona kwamba nilimzimia laini ya kwanza, na wateja wake wa dagaa wanampigia ya pili. Lilikuwa kosa langu, nilitakiwa nimuulize. Sasa hivi kila ninapozima, nazima nikiwa namuuliza mwenye simu, "Watu wanakupigia ipi?"

Baadhi ya simu hazikulazimishi kuzima moja kwa moja. Ukiingia ndani ya mstari huo unakuta machaguo: itangulize waifai, au itangulize mtandao wa simu. Ikiwa nyumba yako ina chumba kimoja kibaya na vingine vizuri, chagua kutanguliza mtandao wa simu. Hapo simu itatumia mnara kila inapouona, na waifai itakuja mnara ukikosekana. Naona ndilo chaguo zuri kuliko yote, ila si kila simu inalo.

Kwenye iPhone

iPhone nyingi ninazoletewa zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo fuata maneno kama yalivyo kwenye kioo. Fungua "Settings". Kwenye iOS 18 na kuendelea, shuka mpaka chini kabisa palipoandikwa "Apps", ingia "Phone", kisha "Wi-Fi Calling". Matoleo ya nyuma ya hapo "Phone" ipo kwenye orodha ya kwanza, huhitaji kupitia "Apps". Ndani utaona "Wi-Fi Calling on This iPhone". Izime.

Njia ya pili ni kupitia sehemu ya data, iliyoandikwa "Cellular" au "Mobile Data" kutegemea Kiingereza kilichowekwa, na ndiyo bora ukiwa na laini mbili, kwa sababu pale unaanza kwa kuchagua laini.

Mwenye iPhone ya laini mbili asikilize hapa. Laini moja ikiwa inaongea, iPhone inaweza kuipokelea simu laini ya pili kwa kupitisha kwenye intaneti, na inafanya hivyo kwa swichi hii hii. Ukiizima kwenye laini ya pili, mtu akikupigia huko wakati unaongea huku, anaweza kuambiwa hupatikani. Kwa mfanyabiashara hilo si dogo. Mimi ningezima ile laini ya kuongelea na jamaa, ile ya biashara ningeipima kwanza kwa siku mbili.

Usipoikuta kabisa, baada ya kutafuta kwa lenzi na kwa mguu, maana yake kampuni ya laini yako haijaiweka huduma hiyo kwenye laini au kwenye aina ya simu uliyonayo. Hakuna cha kuzima. Usimlipe mtu kwa kazi hiyo.

Hakikisha imezimika

Nina namna moja ya kuhakikisha ambayo haina mjadala. Washa "Hali ya ndegeni", ile alama ya ndege. Waifai nayo ikizimika pamoja na mnara, irudishe waifai peke yake. Sasa piga simu ya kawaida. Simu haina mnara, ina waifai tu. Ikikataa, swichi imezimika kweli. Ikiita, bado iko wazi mahali fulani, rudi ukaangalie laini ya pili.

Halafu, tafadhali, zima hali ya ndegeni kabla hujaiweka simu mfukoni. Mzee mmoja alikaa siku nzima hapatikani, wanawe Mombasa wakaanza kupiga simu kwa majirani.

Yasikutie hofu

Kuzima swichi hii hakuzimi waifai. WhatsApp itaendelea, pamoja na simu zake za sauti na za video. YouTube itaendelea. Kutuma pesa kwa nyota na reli kutaendelea, kwa sababu namba zile asili yake zinapita kwenye mnara, hazikuwa zinategemea waifai yako.

Kuna jirani ya swichi hii inayoitwa "VoLTE", au simu kwa 4G. Hiyo usiiguse. Ni sauti kupitia mnara wa 4G, na kama laini yako inayo, ndiyo inayokupa sauti safi na simu kuita upesi. Nimeletewa simu ambazo mtu amezima zote mbili kwa kuona zimekaa pamoja, halafu anashangaa kila akipigiwa intaneti inasimama au inakuwa nzito. Ni kwa sababu simu imelazimika kushuka 3G au 2G ili iongee.

Na ukijikuta katikati ya mazungumzo maneno yanaliwa, usikimbilie kuzima waifai kwa kushusha pazia la juu. Ikiwa kampuni yako na simu yako vyote vinaweza sauti ya 4G, mazungumzo yanaweza kuruka kutoka waifai kwenda mnarani bila kukatika. Kama haviwezi, yatakatika hapo hapo. Mwambie mwenzako, "Nakata, nakupigia," kisha zima waifai, piga upya. Kwa habari ya msiba, ya hospitali, ya safari, mwambie arudie saa na mahali, nawe umrudishie kwa maneno yako. Usione haya kuuliza mara ya tatu, wala ya nne.

Jambo la dharura nalo lina uzito wake. Namba 112 ukiipiga kwa mnara, mnara wenyewe unasaidia kujulisha uko upande gani. Kwa waifai, mahali ulipo si rahisi kujulikana vivyo hivyo, kwa hiyo taja mtaa na alama ya karibu mapema, kabla ya kueleza kilichotokea. Lakini ikiwa ndani kwako hakuna mnara kabisa na una mgonjwa au mtu mzima anayekaa peke yake, iache swichi imewashwa, na ruta uitafutie betri ya akiba. Umeme ukikatika ruta inalala, na mtu aliyetegemea waifai peke yake analala nayo.

Anayesafiri, tuseme kwenda Muscat kwa ndugu, na anataka laini ya nyumbani iendelee kupokea simu akiwa kwenye waifai ya wenyeji wake, asizime kabla hajaiuliza kampuni yake inatoza vipi simu za namna hiyo nje ya nchi. Aulize kabla ya kupanda ndege, akiwa bado hapa.

Swichi inarudi yenyewe

Ukishazima, usisahau. Simu ikipokea toleo jipya la programu inaweza kuiwasha tena. Ukirudisha upya mipangilio ya mtandao, inaweza kuwaka. Ukiweka laini nyingine, au ukifanya laini ya kielektroniki (eSIM), laini hiyo inakuja na swichi yake, na mara nyingine imeshawashwa. Simu ya mama imeshajiwasha mara mbili tangu msiba ule. Mara ya kwanza niligundua kwa bahati, nilimpigia nikamsikia anasema "mwana... karibu cha..." nikajua. Nilifunga kibanda nikaenda.

Sasa ndani ya kava la simu yake nimebandika kikaratasi, nimeandika tarehe niliyozima na laini zote mbili. Kila simu ikimwambia kuna toleo jipya, haligusi mpaka jioni nikifika. Naweka toleo, nafungua swichi naangalia, nabadilisha tarehe. Kisha anakwenda jikoni na simu yake, mimi nakaa barazani, anahesabu mpaka thelathini.